Komeo la Ndani

Kibanda changu kipo Same, karibu na stendi, upande wa barabara inayokwenda milimani. Ni cha bati, na kimepakwa rangi mara nyingi, maana kila kampuni ya simu ikija na tangazo jipya hukipaka rangi yake bure. Ndani pana kiti kimoja, meza iliyopigiliwa ukutani, droo ya pesa, na feni ndogo inayozungusha joto lile lile. Dirisha lina nondo, na katikati ya nondo fundi aliacha uwazi wa kupitisha mkono wenye noti. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Watu wengi wa mji huu wananijua kuanzia kifuani kwenda juu.

Nilishuka huku kwa mwaka mmoja tu. Ndivyo tulivyopatana na mume wangu. Yeye ni mkulima wa tangawizi kule Mamba, na msimu ule bei ilianguka hadi watu wakaacha mzigo uozee shambani. Nyumba yetu ilikuwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, haina bati, na mvua zilikuwa zinakaribia.

"Shuka wewe," aliniambia. "Wewe unajua hesabu na unajua watu. Mimi mikono hii inajua jembe."

Watoto wetu wawili wakabaki naye na mama yake. Nikapanga chumba nyuma ya soko, nikakopa mtaji kwenye kikoba cha kuweka na kukopa, nikakaa kwenye kiti.

Mwaka ulipoisha, bati zilikuwa zimepanda juu ya nyumba. Tukasema tumalizie milango. Milango ikapatikana, binti yetu akachaguliwa shule ya bweni, na ada ikaja na godoro lake na ndoo yake na sare zake. Kisha ukuta ukataka plasta. Hakuna siku tuliyokaa chini tukaamua kwamba nibaki. Nilibaki tu, kama vile mgeni anavyobaki kwa sababu mvua haijakatika.

Wapare tunataniwa kila mahali kwa ubahili, nami hucheka na watani wangu. Lakini haukuwa ubahili ulionipata. Nilikuwa nimesahau namna ya kutumia. Nikiona kitenge kizuri sokoni, mbele yangu nilikuwa naona mfuko wa saruji. Nikisikia harufu ya mishikaki pale stendi, nilikuwa naona kilo ya misumari. Nilikula wali maharage mchana na maharage yaliyobaki usiku, miaka nenda rudi, huku pesa za mji mzima zikipita mikononi mwangu.

Na kwa kuwa nilikaa karibu na pesa, ukoo uliamini ni zangu. Niliwekwa kwenye kila kundi la michango: harusi ya mtoto wa binamu, msiba wa jirani wa zamani, kuezeka nyumba ya mchungaji. "Shangazi, nisaidie elfu ishirini na ya kutolea." Yaani nitume pesa, na juu yake niongeze makato ya kuitoa, ili mpokeaji asipungukiwe hata shilingi. Nilikuwa natuma. Kukataa kulihitaji maneno mengi, na dirishani daima palikuwa na mtu anasubiri.

Nilifungua kabla ya mabasi ya alfajiri na kufunga watu wa mwisho wakishaondoka. Jumapili pia. Jumapili hasa, kwa sababu wenzangu wengi walikuwa kanisani.

Kabla ya kibanda nilikuwa na kitu kimoja cha kwangu, nacho ni kupiga tarumbeta. Kanisani kwetu mlimani tuna bendi ya tarumbeta tangu enzi za babu zetu, na mimi nilijifunza nikiwa msichana, wakati wanawake kwenye bendi tulikuwa wawili tu. Napiga sauti ya tatu. Sauti ya tatu haina wimbo wake. Ukiipiga peke yako, mtu atadhani unajaribu tu kama chombo kinatoa sauti. Lakini ikikosekana katikati ya wenzake, hata mtoto anasikia kuna kitu kimetoka. Tulifanya mazoezi Jumamosi mchana, nje ya kanisa, ukungu ukipanda kutoka bondeni, na nilikuwa nikimaliza midomo imevimba na kichwa chepesi. Hakuna aliyetulipa, wala hakuna aliyefikiria kulipwa.

Mwaka wa kwanza nilipanda kila Jumamosi. Ni gari la kuzunguka mlima kupitia Kisiwani, halafu pikipiki kwenye barabara ya vumbi na mawe. Baadaye nikawa napanda mwisho wa mwezi. Baadaye Krismasi na Pasaka. Tarumbeta ilibaki kwenye chumba cha watoto, imefungwa kwenye khanga, na kila nilipofika nilikuta khanga imefungwa vilevile nilivyoifunga.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mishahara. Siku hizo walimu, manesi na askari hutoa pesa, na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, waliotoka mikoa ya mbali, hutuma kwao. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na asubuhi niliona kona moja ya kibanda imezama kidogo kwenye udongo. Sikujali. Niliingia, nikavuta mlango wa chuma, nikasukuma komeo la ndani. Komeo lile lilikuwa nene. Mwenye kibanda aliliweka baada ya wakala mmoja wa mtaa wa pili kuvamiwa na watu wa pikipiki. Asubuhi ile lilikataa kuingia. Nikavua kiatu, nikaligonga kwa kisigino, likaingia.

Karibu na adhuhuri nilibanwa na haja. Huwa nasubiri mpaka foleni ipungue, nafunga droo, nakimbia choo cha stendi. Nikashika komeo, nikavuta. Halikusogea. Nikalivuta kwa mikono miwili, nikaligonga kwa kiatu kutoka upande wa pili. Mlango wote ulikuwa umekaa mshazari na komeo limebanwa kwenye tundu lake kama jino.

"Dada, upo?" Mkono ukaingia na kitambulisho.

Nilirudi kwenye kiti. Nikamtolea pesa zake. Alipokuwa anahesabu nikamwambia, "Kaka, mlango wangu umekwama. Nipo ndani hapa siwezi kutoka."

"Aisee, pole sana," alisema, akamaliza kuhesabu, akaondoka.

Wa pili nilimwambia kabla sijamhudumia. Alikuwa mwanamke mwenye mizigo, na basi la Arusha lilikuwa linapiga honi.

"Pole, mdogo wangu. Nitolee kwanza hiyo hamsini, gari linaniacha."

Nikamtolea. Wa tatu aliuliza kama naweza kumwekea vocha. Wa nne alicheka, akasema, "Afadhali, leo hutafunga mapema." Sidhani walikuwa watu wabaya. Mimi mwenyewe ningesema nini? Kila siku walinikuta nimekaa pale pale, uso ule ule nyuma ya nondo zile zile. Hawakuona tofauti, kwa sababu haikuwepo.

Hapo ndipo nilipoogopa. Niliinuka, nikashika kiti, nikaanza kuupiga mlango. Bati lilipiga kelele mtaa mzima. Nikasikia vijana wa bodaboda wanacheka nje.

"Mama wakala leo kakutana na panya!"

Nikapiga kelele kwamba si panya, nifungulieni, lakini lori lilikuwa linapita na sauti yangu ikaenda nalo. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole. Nilitazama waya wa feni, ambao ulikuwa umeungwa kwa mpira wa baiskeli, nikafikiria cheche moja tu.

Aliyenisikia ni mama anayeuza ndizi pembeni ya kibanda. Tumekaa jirani miaka, yeye juani na mimi batini, na tulikuwa tunaongea kwa sauti bila kuonana. Alikuja dirishani, akaweka uso wake kwenye uwazi.

"We! Huo mlango ni kweli umekwama?"

"Kweli, dada. Tangu nilipoingia asubuhi."

"Mbona unahudumia watu?"

Nilitazama noti zilizokuwa mkononi mwangu.

Alikwenda kumwita fundi wa kuchomelea. Fundi akaja, akazunguka kibanda, akagonga hapa na pale, akasema komeo lazima likatwe kwa grenda. Akavuta waya kutoka duka la jirani, na kabla hajawasha, umeme ukakatika. Mtaa wote ukanyamaza, na feni yangu ikasimama.

"Tusubiri, mama," alisema fundi. "Huwa hauchukui muda." Akaenda kukaa kivulini.

Haja haikusubiri umeme. Nilikuwa na ndoo tupu ya rangi, ile niliyowekea matambara. Nikaning'iniza khanga dirishani, nikajisaidia kwenye ndoo nikiwa nimeshikilia meza, na katikati ya kufanya hivyo mtu akagonga.

"Dada wakala! Dada, upo?"

"Nipo," nilisema. "Subiri kidogo."

Mimi mama wa watoto wawili, mwanamke ninayesalimiwa shikamoo na nusu ya mtaa. Niliifunika ndoo kwa tambara, nikapangusa mikono, nikaondoa khanga dirishani na kumwekea yule mtu pesa zake kwenye simu. Machozi yalikuwa yananitoka, naye akadhani ni joto. Akaniambia ninywe maji.

Ni wakati huo mwalimu wa bendi alipopiga simu kutoka mlimani. Ni mzee wa makamo, mpole, hapendi kumuudhi mtu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri."

Akazunguka kidogo na habari za mvua, kisha akasema, "Nilikuwa na ombi. Ile tarumbeta ni mali ya kanisa, unajua. Amehamia mama mmoja hapa, mke wa mwalimu wa shule, anajua kupiga sauti ya tatu. Tumeona, kwa kuwa wewe umebanwa na kazi..."

"Mwalimu," nilimkatiza, jambo ambalo si la adabu, "nimefungiwa kibandani."

"Nani amekufungia?"

"Nimejifungia mwenyewe. Mlango umekwama."

Nadhani hakujua kama nasema kweli au natafuta huruma. Mwisho akasema, "Basi ukitoka tutaongea," akakata. Nilikaa na simu mkononi. Simu nyingine mbili zilikuwa zinaita mezani.

Umeme ulirudi jua likiwa limeanza kulegea. Mama wa ndizi alikuwa amenipitishia ndizi mbili na chupa ya maji kwenye uwazi, nami nilikuwa nimekula na kuhudumia, nimehudumia na kula. Fundi aliniambia nifunike kila kinachoshika moto. Nikafunika droo na simu kwa khanga niliyoilowesha maji ya chupa, nikajikunja kwenye kona ya mbali. Grenda ilipogusa chuma, kibanda chote kilitetemeka na cheche zikaruka ndani kama pumba za moto. Nilifumba macho, nikaziba masikio. Ghafla mwanga.

Nilitoka miguu ikiwa na ganzi. Nikakaa juu ya jiwe kando ya mama wa ndizi. Stendi niliyoitazama kwa miaka kupitia nondo ilikuwa pana kuliko nilivyodhani, na upande wa nyuma yangu, ambako kibanda hakina dirisha, milima ilikuwa imesimama pale pale na wingu limekaa juu yake.

"Mama, nichomelee komeo lingine hapo hapo?" aliuliza fundi.

"Chomelea nje," nilisema. "Ndani usiweke kitu."

"Wezi je?"

"Weka nje."

Nilifunga kabla ya magharibi. Siku ya mishahara, na watu wamepanga foleni. Mmoja alinifokea, "Sasa sisi twende wapi?" Nikamwonyesha kijana aliyefungua kibanda upande wa pili wa barabara. Wengi walikwenda kwake, na kusema kweli wengi hawakurudi.

Jumamosi iliyofuata nilifunga saa sita mchana, nikapanda gari. Nilikuta mazoezi yameanza. Yule mke wa mwalimu wa shule alikuwa na tarumbeta yangu, waliyokwishaichukua nyumbani kwetu, na anapiga vizuri kunishinda. Mwalimu wa bendi alitutazama sisi wawili kama mtu aliyeoa mara mbili kwa bahati mbaya. Mwanamke yule ndiye aliyeniokoa.

"Dada, tupokezane," alisema. "Wewe wimbo huu, mimi unaofuata. Mimi nina mtoto mchanga, nikipata wa kunipumzisha nashukuru."

Nilipiga vibaya sana. Midomo ilikuwa imelegea, pumzi haikufika mwisho wa mstari, na kwenye noti ya juu ilitoka sauti ya mbuzi. Watoto waliokaa ukutani wakaangua kicheko, na wangu mdogo akiwa miongoni mwao.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mume wangu alisikiliza habari ya komeo, akasema pole, akanichemshia maji ya kuoga mwenyewe. Lakini nilipomwambia kwamba kuanzia sasa nitafunga Jumamosi saa sita na kufungua Jumatatu, alishusha kikombe.

"Mama watoto, hiyo ni siku moja na nusu kila wiki."

"Najua."

"Na ada ya muhula ujao?"

"Sijui. Tutaitafuta."

"Tutaitafuta wapi? Tangawizi unaiona." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Plasta tulisema mwaka huu."

"Plasta ingoje," nilisema. "Mimi ndani ya kuta hizo sijalala hata mwezi mmoja."

Aliinuka akaenda kulala. Asubuhi alinipeleka kanisani kwa pikipiki, na akakaa benchi la nyuma.

Miezi michache ikapita hivyo. Pesa ilipungua kweli. Nilijitoa kwenye makundi kadhaa ya michango, na shangazi mmoja akatangaza kwamba mji umeniharibu. Nilidhani nikishapata Jumamosi zangu nitapumua, lakini mwili haukuelewa. Masika ikaja, na Jumapili moja udongo ukaporomoka chini ya Mamba, barabara ikafungwa. Jumatatu asubuhi sikuweza kushuka. Mtandao nao ulikuwa umekufa. Nilizunguka uani na simu nimeiinua juu, nikapanda kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, nikashuka, nikapanda tena. Hakuna aliyeniita, maana hapakuwa na njia ya kuniita, nami nilikuwa nasikia simu ikiita.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage barazani kwa ajili ya makande.

"Kaa, mwanangu. Unatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Nikakaa. Nikainuka. Nikakaa tena. Mume wangu alitoka shambani na gunia la tangawizi, akanikuta nimeshika tumbo.

"Unaumwa?"

"Hapana. Ni hivi ninavyokuwa." Nikamweleza kitu nilichokuwa sijawahi kumwambia: kwamba kila Jumatatu nikishuka, gari likishafika tambarare na joto likaanza kuingia dirishani, tumbo hujikaza kama ngumi na halifunguki mpaka Jumamosi. Kwamba siku ya komeo nililia, lakini si kwa sababu ya mlango. Alisikiliza huku anapangusa udongo kwenye tangawizi, moja moja.

"Nikivuna nitashuka wiki moja," alisema mwishowe. "Nikae mimi hapo kwenye kiti."

Sikuamini, lakini alishuka kweli. Siku mbili nilikaa mlangoni nikimfundisha. Siku ya tatu akasema niende nitembee. Nilitoka nikiwa sina pa kwenda. Nilikwenda sokoni, nikazunguka kwenye mitumba, nikajaribu viatu, nikavirudisha. Kisha nikavichukua tena, nikavilipia bila kuomba vipunguzwe. Nikaingia mgahawani, nikaagiza wali na nyama, nikala nimekaa kama mteja.

Niliporudi, foleni ilikuwa imefika kwenye ndizi za jirani. Mume wangu alikuwa amevua shati, amebaki na fulana iliyolowa, simu tatu zikiita kwa pamoja, na mtu anamfokea kuhusu makato.

"Hapa unakaaje?" aliniuliza kwa sauti ya chini, wateja wasisikie.

"Nakaa hivyo hivyo."

Alitazama feni, akatazama nondo. Wote wawili tulijua siwezi kuondoka pale, maana ada haikuwa na njia nyingine. Akasogea kidogo pembeni ili nami nipate pa kusimama, tukamaliza foleni pamoja. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena habari ya plasta. Yeye hushuka siku za mishahara kunisaidia, akikosa kazi ya shamba, na mimi bado nipo kwenye kiti kile siku zote zilizobaki.